Mfereji wa nje uliokwama: mwongozo kamili kwa nyumba za Malindi na Lamu

Kabla hujagusa spana, hakikisha maji yapo. Naanza na hili kwa sababu mifereji mingi ya nje hapa Malindi huvunjwa siku ambayo haina kosa lolote. Maji yamekatwa tangu usiku, mtu azungusha mkono wa mfereji, kimya. Adhani umekwama, aongeza nguvu, shingo yakatika. Alasiri maji yanarudi na ua mzima unakuwa bwawa. Kwa hivyo nenda kwanza kwenye mfereji wa jikoni, au ule ulio karibu na mita, uufungue. Ukitoa maji na wa nje hautoi, endelea kusoma. Ukiwa mkavu nao, funga yote miwili na ungoje zamu yenu.

Hapa kwetu hakuna barafu. Kipupwe cha Julai na Agosti ndiyo baridi yetu kubwa, na dawa yake ni shuka. Lakini mfereji wa nje hukaza kana kwamba umechomelewa, na wanaoukaza ni chumvi na chokaa.

Unavyokwama

Chumvi huja na upepo. Kusi ikianza kuvuma, kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, bahari huchafuka na unyunyu wa mawimbi hupeperushwa hadi nchi kavu. Nyumba zilizo mstari wa kwanza kutoka ufuoni, Silversands na Casuarina kwa Malindi, au Shela kwa upande wa Lamu, hupata utando wa chumvi juu ya kila chuma. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, kwa hivyo mfereji hubaki na majimaji hata siku isiyo na tone la mvua. Kutu haihitaji zaidi ya hapo.

Chokaa nayo huja kwa ndani. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na mwamba huo ni chokaa. Maji yakipita humo huyeyusha kiasi na kukibeba. Ndiyo maana sufuria ya kuchemshia maji ya kisima hujenga ukoko mweupe. Ukoko huohuo hujijenga kwenye meno ya ndani ya mfereji. Maji ya kampuni hapa Malindi hutoka Baricho, kwenye visima vilivyo kando ya Mto Sabaki, na yana tabia tofauti na ya kisima cha uani. Mji wa Lamu hutegemea visima vya kwenye vilima vya mchanga vya Shela, ambako maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Ukiwa na tangi linalojazwa mara kwa maji ya kampuni, mara kwa maji ya kisima, mfereji wako unakula pande zote mbili.

Kuna jambo la tatu ambalo wauzaji wengi hawakuelezi. Mfereji wa shaba ya manjano ukifungwa moja kwa moja kwenye bomba la chuma lililopakwa zinki, penye maji yenye chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, na kutu yake hujaza meno ya kiungo mpaka vipande viwili vinakuwa kimoja. Shaba ya manjano yenyewe haisalimiki kabisa. Ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na chumvi hutoa zinki taratibu, ikabaki shaba tupu yenye vitundu visivyoonekana, rangi yake ikielekea waridi, ikivunjika kama biskuti. Ukikwangua mfereji wa zamani ukaona uwaridi badala ya umanjano, huo hautengenezeki. Usijaribu kuuzungusha, panga kuubadilisha.

Tazama mifereji ya kutawadhia msikitini. Iko nje, inapigwa na upepo uleule, inatumia maji yaleyale, na hufunguliwa na mikono mingi mara tano kwa siku. Raba zake huisha upesi na hudondosha matone, lakini kukwama ni nadra. Unaokwama ni ule wa nyuma ya nyumba, wa kumwagilia mwarobaini, unaoguswa mvua za masika zikichelewa. Mfereji hukwama kwa kuachwa, na sehemu kubwa ya kazi iliyoelezwa hapa chini isingehitajika kama mtu angeuzungusha mara moja kwa wiki.

Tambua kilichoharibika

Mifereji ya nje ni ya aina mbili kwa nyumba nyingi. Ya kwanza ni ya kuzungusha, ile yenye mkono wa msalaba au wa duara, ambayo huhitaji mizunguko kadhaa kufunguka. Ndani yake kuna uti wenye meno, na chini ya uti kuna raba ya duara ambayo madukani huitwa washa. Ukifunga, uti hushuka na raba hukandamiza tundu la maji. Mahali raba inapokaa nitapaita kikalio. Aina ya pili ni ya mkono mrefu unaogeuzwa robo tu ya mzunguko. Ndani yake kuna mpira wa chuma uliotobolewa katikati. Tundu likielekeana na bomba, maji hupita.

Sasa sikiliza mkono wako. Mkono usiosogea kabisa, hata kidogo, maana yake shingo au uti umeshikwa na chokaa au kutu. Mkono unaozunguka bila mwisho na maji hayabadiliki, meno ya mkono yamelika au uti umekatika. Mkono unaozunguka vizuri na hakitoki kitu wakati mifereji mingine inatoa, basi raba imegandamana na kikalio na uti umepanda peke yake; hutokea sana kwa mfereji uliofungwa kwa nguvu na kuachwa miezi. Matone mdomoni ni raba au kikalio. Maji yanayotoka shingoni, chini ya mkono, ni nati ya shingo au pete ya ndani, na hilo ni dogo kuliko linavyoonekana. Maji yanayolowesha ukuta nyuma ya mfereji ndiyo ya kuogopa; nitayarudia mwishoni.

Vya kuwa navyo mkononi

Spana mbili, na nasisitiza mbili. Moja iwe ya kurekebishika, nyingine ya mabomba yenye meno. Bisibisi, brashi ya waya, kipande cha msasa, utepe mweupe wa kuzungushia meno ya bomba, chupa ya siki, kitambaa cha pamba kuukuu, nyundo ndogo, na washa kadhaa za nusu inchi kwa sababu mifereji mingi ya nje ni ya nusu inchi. Pima kabla ya kwenda dukani. Ipo pia ya robo tatu. Ukiwa kisiwani, nunua vya akiba. Kipande kisichopatikana Amu, yaani mjini Lamu, hungojewa kivuke kutoka Mokowe, na wakati huo wote nyumba haina maji.

Funga maji, halafu hakikisha yamefunga

Tafuta valvu iliyo karibu na mita, au ile iliyo chini ya tangi ikiwa maji yenu hushuka kutoka juu. Nyumba nyingi zina zote mbili, na kufunga moja hakutoshi: maji ya tangi yatarudi kwa nyuma. Ukishafunga, fungua mfereji wa chini kabisa ndani ya nyumba mpaka ukauke.

Valvu yenyewe ikikataa kufunga, usiilazimishe. Ikikatika upande wa kampuni, kabla ya mita, maji yatamwagika na huna cha kuyazuia. Valvu iliyo upande wa kampuni si yako kutengeneza. Piga simu ofisi ya maji waje waifunge. Iliyo upande wako unaweza kuilegeza kwa njia ileile ya mfereji wa mkono mrefu, hapa chini.

Jaza ndoo na mitungi kabla ya kuanza. Waambie wa nyumbani. Kazi ya nusu saa huweza kula siku, na Bi mkubwa akitoka kwenda kutawadha akute mikavu, utamsikia.

Kulegeza

Fuata mpangilio huu, kuanzia upole kwenda nguvu. Anayeanza na nguvu hana pa kurudi.

Kwanza osha. Mwagia mfereji maji yasiyo na chumvi, sugua kwa brashi ya waya kwenye shingo na chini ya mkono mpaka uone chuma. Mara nyingi utando wa nje ndio ulioshika nati, na hapo tu kazi hurahisika.

Kisha siki. Siki huyeyusha chokaa. Utaona mapovu madogo, hayo ni chokaa ikigeuka gesi. Lowesha kitambaa, kizungushe shingoni mpaka mdomoni, ukifunike kisikauke na ukifunge kwa kamba. Mifuko ya plastiki ya sokoni ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini glavu kuukuu ya mpira au karatasi ya mkate inatosha. Acha saa mbili au tatu, ongeza siki kitambaa kikianza kukauka. Mfereji wa shaba ya manjano usiopakwa kitu waweza kukaa hivyo usiku mzima; uliopakwa ung'avu wa kromu usiuache zaidi ya saa moja, maana siki hubabua ule ung'avu. Maji ya ndimu hufanya kazi hiyohiyo, ila ndimu za kutosha mfereji mmoja ni bora uzitie kwenye samaki. Angalizo mbili hapa. Siki haichagui chokaa, kwa hivyo kwenye ukuta wa kale uliopigwa lipu ya chokaa itakula na lipu. Weka kitambaa kikavu kati ya mfereji na ukuta. Na usichanganye siki na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, hata mabaki yake kwenye ndoo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Baada ya siki suuza vizuri, ukaushe, halafu tia mafuta ya kulegeza kutu kwenye mshono wa shingo na kwenye uti. Yasipopatikana, mafundi wengi hutumia mafuta ya taa, na husaidia, lakini usiyatie kwenye mfereji wa maji ya kunywa. Mafuta ya kupikia usijaribu. Baada ya muda hukauka na kunata, ukawa umeongeza gundi. Subiri. Gonga shingo pande zote kwa nyundo, vipigo vyepesi, kama mtu anayepima nazi. Mtikisiko huo ndio unaovunja ukoko na kuyapitisha mafuta.

Joto nalo husaidia. Mwagia shingo maji ya moto. Shaba hutanuka kidogo na kuachana na ukoko. Lakini angalia bomba lililo nyuma. Bomba la plastiki ngumu huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi, kwa hivyo maji yaliyotoka kuchemka yamwagie shingo ya mfereji tu, kidogokidogo, yasitiririkie bombani. Moto wa jiko la gesi au karatasi iliyowashwa, hapana. Utayeyusha raba zote zilizo ndani na huenda na bomba.

Sasa zungusha, na hapa ndipo spana ya pili inapokula mshahara wake. Moja ishike mwili wa mfereji usisogee hata kidogo. Nyingine ndiyo igeuze. Ukitumia moja, nguvu yako yote inaenda kwenye kiungo kilicho ndani ya ukuta, na huko ndiko kunakovunjika bila wewe kuona. Legeza kwanza nati ya shingo robo ya mzunguko kuelekea kushoto. Mara nyingi mkono huachia papo hapo, kwa maana kilichoubana ni ile nati. Kisha jaribu mkono. Usianze kwa kufungua. Kaza kidogo sana kuelekea kulia, kama upana wa ukucha, halafu rudi kushoto, halafu kulia tena. Kila safari utapata nafasi zaidi. Ukisikia mkwaruzo, ni ukoko unasagika. Ongeza mafuta na uendelee. Ukihisi mkono unakuwa laini kwa ghafla bila uti kusogea, simama: uti unajipinda.

Kwa mfereji wa mkono mrefu hakuna nati ya kusaidia sana. Ukiweza kuutoa, ujaze siki kwa ndani, uache, kisha usogeze mkono nusu mwendo, mbele na nyuma, bila kuulazimisha ufike mwisho. Ukifunguka lakini ukaendelea kuvuja, mpira wa ndani umekwaruzwa na chokaa na aina hii kwa kawaida haifunguliwi kutengenezwa. Nunua mwingine.

Ukishafunguka, usiurudishe bila kuusafisha

Wengi huishia hapo, maji yametoka, wanaondoka. Baada ya miezi michache wako palepale. Fungua nati kubwa ya shingo, toa uti wote, uuloweke kwenye kikombe cha siki. Wakati unangoja, tia kidole ndani ya mfereji ukiguse kikalio. Kikiwa laini, sawa. Kikiwa na mikwaruzo au kichuguu cha chokaa, kisugue kwa kipande cha msasa laini kilichozungushiwa ncha ya penseli. Kikalio kilicholika hadi kuwa na mfuo mdogo ndani yake hakifungiki kwa raba yoyote, na mtu atabadilisha washa kila mwezi akidhani anauziwa mbovu.

Toa washa kuukuu, tia mpya ya kipimo kilekile. Ikiwa imeshikwa na skrubu ndogo, na skrubu imeliwa na kutu, badilisha na skrubu ya shaba. Paka meno ya uti grisi ya silikoni kidogo. Grisi ya gari usiipake hapa, kwa sababu mafuta ya petroli huivimbisha raba, na pia maji hayo huenda yakanywewa. Rudisha uti ukiwa umefunguliwa, si umefungwa, ili raba isikatwe na kikalio wakati wa kukaza nati.

Fungua valvu ya maji polepole, mfereji ukiwa wazi, uache hewa na takataka zitoke. Halafu funga kwa vidole. Mfereji wenye raba nzima hufungwa kwa vidole viwili. Ukihitaji kiganja kizima, kuna kasoro.

Ukikatikia ukutani

Hutokea. Mfereji unatoka mkononi mwako na meno yake yamebaki ndani ya elbo, kile kiungo cha bomba kilichopinda ukutani. Usichukue patasi ukaanza kubomoa. Chukua bapa la msumeno wa chuma, lishike kwa kitambaa, ulipitishe ndani ya kile kipande kilichobaki na ukate mfuo mmoja kuelekea upande wa juu, taratibu, ukisimama kabla hujafikia meno ya elbo. Kata mfuo wa pili karibu na wa kwanza. Kisha kwa bisibisi na nyundo kunja ile ngozi iliyo kati ya mifuo miwili kuelekea ndani. Kipande kikishapoteza uduara wake hulegea, na koleo hulitoa lililobaki. Kazi hii inataka mwanga na subira. Ukiifanya magharibi ukikimbizana na giza, utakata elbo.

Elbo ikiharibika kwenye mabomba ya PPR, yale ya kijani yaliyoenea sasa, utahitaji fundi mwenye mashine ya kuunganishia kwa joto. Hakuna gundi ya kazi hiyo, hata muuzaji akikuapia.

Na kwa walio katika mji mkongwe wa Lamu: mji umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Kuta za matumbawe na chokaa hazichimbwi ovyo. Uliza kwanza ofisi ya Makavazi ya Taifa mjini, kisha tafuta fundi anayejua kurudishia chokaa, maana kiraka cha saruji kwenye ukuta wa chokaa hufungia unyevu ndani.

Kununua na kufunga mpya

Mfereji upime kwa mkono. Mwepesi unaong'aa sana mara nyingi si shaba, ni mchanganyiko wa zinki uliopakwa kromu, na pwani haukai. Shaba ni nzito. Kuna ya daraja la juu iliyotengenezwa isipoteze zinki, nayo huwa imepigwa chapa ya herufi DZR au CR mwilini, ukiipata, lipa. Chuma kisichoshika kutu nacho kina daraja: 304 hupata madoa karibu na bahari, 316 ndiyo ya bahari. Wa plastiki si wa kudharau kwenye bustani, kwa kuwa chumvi haiujui, ila jua huukausha ukapasuka. Ufunike au uuweke upande wa kivuli.

Safisha meno ya elbo. Shika mfereji meno yakikuelekea, zungushia utepe mweupe kwa kufuata mwendo wa saa, mizunguko kumi hivi, ukiuvuta ujikaze. Ukizungusha kinyume, utepe hujikunja na kutoka wakati wa kukaza. Mafundi wa zamani hutumia nyuzi za katani, na kwenye bomba la chuma lenye meno mabovu bado ni bora kuliko utepe. Ingiza kwa mkono mpaka ukome, kisha spana mzunguko mmoja au mmoja na nusu, mdomo ukaelekea chini. Ukipitiliza usirudishe nyuma. Utepe ukishakatwa utavuja. Toa, anza upya.

Ikiwa bomba lako limesimama peke yake uani, lifunge kwenye nguzo. Mpira wa kumwagilia huvutwa na watoto kila siku, na huko Lamu punda akipata bomba wima hulifanya la kujikunia.

Kwa jamaa walio kwenye baridi ya kweli

Simu huja kila Januari kutoka Minneapolis au Toronto: mfereji wa nje umeganda, nifanyeje? Huo ni ugonjwa mwingine. Maji yakiganda, kwenye nyuzi 0, huongezeka ukubwa kwa asilimia 9 hivi, na ndani ya bomba hayana pa kwenda. Kinachopasuka mara nyingi ni bomba lililo ndani ya ukuta, na hutajua mpaka barafu iyeyuke.

Fungua mfereji kwanza, uache wazi, ili maji yanayoyeyuka yapate njia. Ondoa mpira wa kumwagilia. Zungushia vitambaa vilivyoloweshwa maji ya moto, au tumia mashine ya kukaushia nywele, ukianzia mdomoni ukirudi nyuma kuelekea ukutani. Ukianzia nyuma, maji na mvuke vitanaswa nyuma ya barafu. Moto wa wazi marufuku, sawa na huku. Mtu mmoja akae ndani ya nyumba karibu na valvu kuu, na akisikia maji ndani ya ukuta aifunge hapohapo. Msimu ujao, kabla baridi haijaingia, chomoa mpira, funga valvu ya ndani inayopeleka maji nje, fungua wa nje uishe maji. Hiyo ya mpira ndiyo husahaulika zaidi: mpira ukiachwa umeunganishwa, maji hubaki mferejini hata kwenye ile mifereji iliyotengenezwa isigande.

Kuuweka hai

Zungusha kila mfereji wa nje mara moja kwa wiki, mwanzo hadi mwisho, hata kama huna haja ya maji. Wakati wa kusi umwagie maji yasiyo na chumvi unapomwagilia maua, usugue chumvi kwa kitambaa. Kusi ikishalala, kabla ya kaskazi kuingia, fungua shingo upake grisi upya. Usiukaze mfereji kwa hasira. Kukaza sana hakuzuii matone, hukata raba. Mafundi wa majahazi wa Matondoni hupaka mbao mafuta kabla chombo hakijaonyesha dalili, na mfereji unataka uangalizi wa namna hiyo.

Nilisema nitarudi kwenye ukuta uliolowa. Doa la unyevu nyuma ya mfereji, lipu inayovimba, au majani yanayostawi mahali pasipomwagiliwa, vyote huashiria bomba linalovuja lisikoonekana. Usiku, kabla ya kulala, funga mifereji yote pamoja na valvu inayojaza tangi, na uandike namba ya mita. Asubuhi, kabla mtu hajafungua chochote, isome tena. Ikiwa imesogea, maji yanapotea kati ya mita na tangi au kwenye mabomba yanayolishwa moja kwa moja. Isiposogea na doa lipo, mtuhumiwa ni upande wa tangi: usiku unaofuata weka alama ya kiwango cha maji kwa chaki, uangalie alfajiri. Ukishajua ni upande upi, fundi atachimba mahali pamoja badala ya kupekua ukuta wote, nawe hutalipia mashimo ya kubahatisha.